Maji Yapo, Lakini Je, Ni Salama?
Mabadiliko ya tabianchi na ubora wa maji katika Wilaya ya Same

Mvua kubwa ikinyesha usiku huko juu milimani, asubuhi maji ya bomba kijijini hutoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Akina mama huyaacha kwenye ndoo yatulie, kisha huchota ya juu. Miezi michache baadaye, kiangazi kikiwa kikali, mto uleule huwa mkondo mwembamba, na ng'ombe, wafuaji na wachota maji hukutana kwenye dimbwi moja. Wengi wetu tumezoea kuyaona haya kuwa matatizo mawili, yaani mafuriko na ukame. Kwa upande wa ubora wa maji ni tatizo moja lenye nyuso mbili, na mabadiliko ya tabianchi yanalizidisha.

Maji yetu yanatoka wapi?

Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huacha mvua nyingi upande wa mashariki na juu ya milima. Ndiyo maana mji wa Same na tambarare za magharibi ni kame. Tenki letu kubwa ni Msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462. Udongo wa msitu hunyonya mvua, huichuja, na kuitoa taratibu kwenye chemchemi. Kutoka huko mito kama Yongoma na Hingilili hushuka kuelekea Ndungu na Maore, na Mto Vudee hushuka upande wa Makanya. Wazee wetu wa Kipare walilijua hilo, wakajenga ndiva za kukusanya maji ya mito na vijito ili yagawanywe mashambani kwa zamu.

Mvua inapokuja kwa nguvu

Wataalamu wanaeleza kuwa kila joto la hewa linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hivyo mvua inayonyesha inaweza kuwa kubwa kwa muda mfupi. Udongo haupati nafasi ya kuinyonya. Maji hukimbia juu ya ardhi yakibeba tope, samadi, mbolea, dawa za mashambani na kinyesi kutoka vyoo vilivyojaa au vilivyobomoka. Novemba 2009, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Tukio moja halitoshi kuthibitisha mabadiliko ya tabianchi, lakini lilituonyesha jinsi miteremko yetu ilivyo dhaifu.

Tope lina madhara mengine yasiyoonekana. Vijidudu hujificha ndani yake, na klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu. Pia hujaza mabanio na ndiva, zikabaki na nafasi ndogo ya kuhifadhi maji ya kiangazi.

Kiangazi kinapokuwa kirefu

Maji yakipungua, uchafu haupungui. Chumvi na vijidudu vilevile hubaki katika maji machache. Joto nalo huongeza shida: maji yenye nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Samaki huhangaika, na mwani hustawi, hasa pale mbolea ya mashambani inapokuwa imeingia majini. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu. Kijito kikikauka, watu hurudi kwenye visima, ambavyo baadhi katika Bonde la Pangani vina chumvi au floraidi nyingi. Ikumbukwe kuwa kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi wala floraidi.

Funzo kutoka bonde letu

Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya chini ya milima ya Upare Kaskazini, ni ziwa la kina kifupi ambalo limeathiriwa na tope na kuenea kwa matete. Maji yake hutoka kwa Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025, unachukua maji kutoka bwawa hilo. Mradi huu ni faraja kubwa. Lakini maana yake pia ni kwamba kinachoingia kwenye mito ya juu leo, kesho kinatakiwa kusafishwa kabla ya kufika bombani Same.

Kamati zifanye nini?

Tabianchi haichafui maji peke yake. Inapitia milango tuliyoiacha wazi sisi wenyewe. Tunashauri kamati za parokia zishirikiane na serikali za vijiji na vyombo vya watumia maji katika mambo haya:

1. Kuheshimu mita 60 za kingo za mito, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na kupanda miti ya asili hapo.
2. Kuzungushia uzio chanzo cha maji na kutenga mahali pa kunyweshea mifugo, chini ya banio.
3. Kuzoa tope kwenye ndiva na mabanio kabla ya vuli.
4. Kuhimiza kila kaya, hasa maji yakichafuka, iyatulize, iyachuje kwa kitambaa safi, kisha iyachemshe.
5. Kuomba maji yapimwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika, na kuandika matokeo kwenye daftari.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: tumezoea kuripoti idadi ya magati na mita za mabomba. Hizo ni rahisi kuhesabu. Lakini gati linalotoa maji ya kuharisha halijamsaidia mtoto. Tunaomba kila bajeti ya mradi wa maji iwe na fungu la kulinda chanzo na kupima maji, hata kama mabomba yatapungua kidogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko kule juu, kwenye chemchemi.