Dakika 13 za Chaji

Machi 2018, mabasi 100 ya umeme, kila moja likiwa na urefu wa mita 18, yalianza kubeba abiria kati ya uwanja wa ndege wa Schiphol na miji inayouzunguka, Amsterdam ikiwemo. Cha kushangaza, waliopanga huduma hiyo walichagua betri ndogo: kilowati-saa 169, zinazotosha kilomita 80 hivi, kwa basi linalotakiwa kufanya kazi kutwa kucha.

Sababu ni uzito. Betri ya kutosha siku nzima ingeongeza tani kadhaa. Basi lingetumia umeme mwingi kujibebea betri na nafasi ya abiria ingepungua. Badala yake ikawekwa mitambo ya kuchaji yenye nguvu ya kilowati 450. Dereva husimama chini ya nguzo, mkono wa chuma ukaunganisha paa la basi na umeme, na baada ya kama dakika 20 anaondoka. Mabasi yanayolala gereji huchajiwa taratibu, kwa kilowati 30.

Tupige hesabu hiyo kwa Dar es Salaam. Kutoka Posta, katikati ya jiji, hadi uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ni kama kilomita 12. Basi refu la umeme hula takriban kilowati-saa 1.5 kwa kilomita; kwa joto la Februari, kiyoyozi kikiwa kimewashwa muda wote, tuseme 2. Kwenda na kurudi ni kilowati-saa 48, safari mbili ni 96. Betri kama ile ya Schiphol inazimudu na akiba inabaki. Kuzirudisha 96 hizo kwa kilowati 450 ni dakika 13 kwenye karatasi, na zaidi kidogo kituoni. Foleni huiharibu hesabu hii, maana basi likisimama mota hupumzika lakini kiyoyozi hakipumziki. Ndiyo maana njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi iendayo Gongo la Mboto, inayopita jirani na uwanja, ina thamani kubwa kwa basi la umeme.

Lakini ratiba ya nani? Mipango mingi humfikiria msafiri mwenye mabegi, ambaye huenda uwanjani mara chache kwa mwaka. Mfagizi, mlinzi, mpakia mizigo na mpishi wa chakula cha ndege huenda karibu kila siku, na wengine huingia zamu kabla ya alfajiri. Kwangu hao ndio abiria wa kwanza. Ukiwapangia wao, huwezi kuyalaza mabasi yote usiku yakachaji. Lazima mengine yajaziwe katikati ya safari, na hapo mtambo wa haraka unakuwa wa lazima.

Mabasi manne yakichaji pamoja yatavuta megawati 1.8. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo kiasi hicho ni kidogo mno kwa gridi. Kazi iko mwishoni mwa laini: transfoma yake na kebo nene mpaka mahali mabasi yanapogeuzia. Mabomba ya kupitishia kebo hiyo yatandazwe wakati kituo hicho cha kugeuzia kinajengwa, kabla ya zege kumwagwa, hata kama basi la kwanza la umeme litachelewa miaka mitano.