Kiwanda Kidogo cha Alizeti Mbele ya Soko la Dunia

Mkamuaji wa alizeti wa Singida au Dodoma, ambaye mara nyingi ana mashine moja au mbili na ghala dogo, hashindani na jirani yake tu, bali pia na mashamba ya michikichi ya Indonesia na Malaysia, nchi mbili zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani. Nguvu ya washindani hao inaanzia kwenye mmea wenyewe, kwa kuwa hekta moja ya michikichi kwa wastani hutoa tani 3 hadi 4 za mafuta kwa mwaka, ilhali hekta ya alizeti kwa kawaida haifikishi hata tani moja. Kwa hiyo mwenye kiwanda kidogo anayetegemea kushusha bei pekee huingia katika shindano asiloweza kulishinda.

Serikali imejaribu kumkinga kwa ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa inapoingia nchini. Mwaka 2018 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Kinga hiyo ina manufaa, lakini huweza kubadilishwa katika bajeti yoyote, na bei ya dunia haiisubiri. Mwaka 2022, vita vya Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, pamoja na Indonesia kuzuia mauzo ya mawese kwa wiki kadhaa, vilipandisha bei ghafla, kisha bei hizo zikashuka.

Jambo linaloamua zaidi ukuaji wa kiwanda cha namna hii, na ambalo halitajwi vya kutosha, ni idadi ya miezi ambayo mashine inafanya kazi. Alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka, na ni katika msimu wa mavuno ndipo mbegu huwa nyingi na za bei nafuu. Asiye na mtaji wa uendeshaji, yaani fedha za kununulia malighafi na kulipia kazi kabla bidhaa haijauzwa, hununua magunia machache, huyakamua, kisha hufunga mlango, huku wafanyabiashara wenye fedha wakijaza maghala yao na kusubiri bei ipande. Mashine iliyosimama haipunguzi deni la benki wala kodi ya pango. Ndiyo maana ushauri wa kununua mashine kubwa zaidi, unaotolewa kwa wepesi mno, umewaumiza wengi, kwani mashine ya pili haina kazi ikiwa ya kwanza hulala nusu mwaka, na fedha zilezile zingezaa zaidi katika mbegu, ghala kavu na mikataba na wakulima wanaopanda mbegu chotara zenye mafuta mengi. Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, unafungua njia hapa, maana anayehifadhi mazao katika ghala lenye leseni hupewa hati ambayo benki inaweza kuipokea kuwa dhamana ya mkopo.

Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, nayo ni bidhaa kamili, kwa kuwa wafugaji na watengenezaji wa vyakula vya mifugo huyanunua.

Ubora ndio unaompeleka mkamuaji nje ya mji wake. Mafuta yasiyochujwa vizuri huacha mashapo chini ya chupa na huchacha mapema, na mnunuzi aliyekutana nayo mara moja harudi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hupima bidhaa na kutoa alama ya ubora, ambayo bila hiyo duka kubwa halithubutu kuzipanga chupa hizo kwenye rafu.

Hata nje ya mipaka ya nchi ana nafasi: chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara yake ilianza rasmi Januari 2021, nafuu ya ushuru hutegemea uasili wa bidhaa, yaani uthibitisho kwamba imezalishwa katika nchi mwanachama. Mafuta yaliyokamuliwa Singida kwa mbegu zilizolimwa Singida yanakidhi sharti hilo kwa urahisi kuliko mawese ghafi yaliyoagizwa kutoka Asia yakasafishwa bandarini.