LIKIZO YA ASKARI NI SHULE YA WATOTO WAKE

Askari apatapo likizo, jambo la kwanza alifikirialo ni kufika nyumbani. Hufunga mizigo, hununua sukari na sabuni za wazee, huipandisha jamaa yake katika basi alfajiri, na tangu hapo hamu yake yote ni kwamba safari iishe. Watoto wakubwa, wale wa miaka 13 hadi 19, hukaa dirishani na simu mikononi, na nchi nzima hupita mbele ya macho yao bila kuwaambia neno. Hivyo ndivyo tunavyoipoteza shule kubwa isiyotoza karo.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwetu sisi wa majeshi na polisi kuliko kwa raia wengine. Mtoto wa askari hukua katika uhamisho. Pengine huzaliwa Mbarara, huanza masomo Moroto, na mtihani wa darasa la saba humkuta Jinja. Anaijua sauti ya tarumbeta na saa ya kufungwa lango la kambi, lakini aghalabu hajui mto wa kwao unatoka wapi, wala kwa nini babu yake aliyahama makazi ya kwanza. Afikapo umri wa ujana huanza kujiuliza swali ambalo halimo katika karatasi ya mtihani: Mimi ni mtu wa wapi? Asipojibiwa na wazazi wake atajibiwa na wengine, na si wote wamtakiao mema. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Hata shule zenyewe zimekwisha kulitambua jambo hili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye miradi na kukitumia alichojifunza badala ya kukariri tu. Kwa hiyo mzazi anayemwonyesha mwanawe nchi hafanyi mchezo; anaisaidia kazi ya mwalimu.

Hebu tuchukue njia moja tu, ambayo wengi wetu tumeipita mara nyingi: njia ya kutoka Kampala kwenda Gulu. Ni mwendo usiofika kilomita 350, lakini mafunzo yake yangetosha mwaka mzima.

KILIMANI NA BOMBO

Kabla ya kupanda basi, vijana wapelekwe kwanza Old Kampala, kilima ambacho leo kinabeba msikiti mkuu wa taifa uliofunguliwa mwaka 2008. Hapo ndipo Kapteni Lugard alipopiga kambi mwezi Desemba 1890. Mwaka uliofuata alikwenda magharibi, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko na Emin Pasha. Kutokana na watu hao kilipatikana kiini cha kikosi cha Uganda Rifles kilichoundwa mwaka 1895. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliokawia. Mwaka 1902 kikosi hicho kiliingizwa katika King's African Rifles.

Basi likifika Bombo, kijana huyo atakuwa na macho mapya. Atafahamu kwa nini mjini humo wanaishi Wanubi, wazao wa askari wale, na kwa nini lugha yao ina maneno mengi ya Kiarabu. Tena ataelewa kwamba Kiswahili anachokisikia kwa baba yake kwaride hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilikuja na misafara ya pwani na maisha ya kambi, hata marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kitabu cha historia kingeyaeleza hayo kwa ukurasa mmoja, ukasahaulika kesho yake. Mahali penyewe hapasahauliki.

LUWERO: SWALI ZITO

Baada ya Bombo na Wobulenzi, njia inaingia Luwero. Katika vita vya miaka ya 1981 hadi 1986 eneo hili lilipoteza watu wengi mno, na hadi leo yapo makaburi ya pamoja ambamo mabaki ya waliouawa yalikusanywa na kuzikwa. Ikiwa wakati unaruhusu, jamaa isimame hapo. Kofia zivuliwe, sauti zishushwe, na mwenyeji aombwe ruhusa kabla ya kitu chochote.

Hapo kijana atauliza swali ambalo wazazi wengi hulikwepa: "Baba, hawa waliuawa na nani? Askari walifanya nini hapa?" Ndugu msomaji, usimkwepe. Mtoto wa miaka 15 anayefichwa jambo na baba yake hulitafuta kwingine, na alipatapo humwona baba kuwa mwongo. Mwambie kwamba walikuwako askari waliozigeuza silaha zao dhidi ya wananchi waliopaswa kuwalinda, na kwamba sare haimfanyi mtu kuwa mwema. Nidhamu ndiyo imfanyayo hivyo. Akilielewa neno hilo mbele ya kaburi, ataiheshimu kazi ya baba yake kwa sababu iliyo ya kweli, wala si kwa sababu ya kuogopa mkanda wake.

MAJI YA KARUMA

Mbele zaidi, njia inavuka mto Nile katika daraja la Karuma lililojengwa mwaka 1963. Hapa yamo masomo ya jiografia, hesabu na fizikia kwa pamoja. Mto huu umetoka Ziwa Victoria pale Jinja, umepita Ziwa Kyoga, na sasa unaelekea maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 180. Mitambo ya Karuma, iliyozinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024, ina uwezo wa megawati 600. Kijana na aulizwe: Ni mara ngapi zaidi? Na kwa nini mitambo ya Karuma ilichimbiwa chini ya ardhi ndani ya mwamba, na maji yake kurudishwa mtoni kwa mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 8? Atajifunza kwamba umeme unahitaji mambo mawili, wingi wa maji na kimo cha kuanguka kwake, na kwamba wahandisi waliutafuta mteremko wa mto wenyewe.

Mtoto wa askari ajue pia kwamba mitambo na vituo vya ulinzi havipigwi picha bila idhini. Hilo nalo ni somo.

GULU NA PATIKO

Mjini Gulu, vijana waelezwe habari za watoto waliokuwa na umri kama wao. Wakati wa vita vya kundi la LRA, hasa miaka ya 2002 hadi 2005, watoto kwa maelfu waliacha vijiji vyao kila jioni, wakatembea kwa miguu hadi mjini, wakalala barazani, mashuleni na katika hospitali ya Lacor, ili wasitekwe na kufanywa wapiganaji. Kulipopambazuka walirudi makwao, na wengine walikwenda moja kwa moja darasani. Kijana anayelalamika kwamba chakula cha bweni hakina ladha ataisikia habari hiyo kwa masikio mengine.

Katika hospitali hiyo hiyo ya Lacor limo kaburi la Daktari Matthew Lukwiya. Ugonjwa wa Ebola ulipozuka Gulu mwaka 2000, aliwaongoza wauguzi wake wodini mpaka yeye mwenyewe akaambukizwa, akafariki dunia mwezi Desemba mwaka huo. Watu 224 walikufa katika janga lile. Askari anapotaka kumfundisha mwanawe maana ya kutoikimbia zamu, hana haja ya kutafuta mfano katika medani ya vita peke yake.

Kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Gulu ipo ngome ya Patiko. Wafanyabiashara ya watumwa waliitumia sehemu ile kabla ya Samuel Baker, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Misri, kuweka kikosi chake hapo mwaka 1872. Kijana akikaa juu ya mawe yale huona kwa nini ngome ilijengwa hapo: pande zote zinaonekana. Hilo ni somo la ardhi ambalo kila askari analijua, na baba anaweza kulifundisha pasipo kitabu.

KIJANA SI KURUTA

Sasa, somo hili liendeshweje? Kwanza, lisigeuzwe kwaride. Kijana si kuruta. Ukimsimamisha juani na kumhutubia kwa saa nzima, atakachokumbuka ni jua. Afadhali umpe kazi. Jioni kabla ya safari, tandazeni ramani mezani, na kila mtoto achague wajibu wake. Mmoja ahesabu mwendo na saa, mwingine aandike majina ya mito na miji katika daftari, wa tatu atayarishe maswali ya kumwuliza babu au bibi. Mkifika nyumbani, wazee ndio walimu. Kazi ya mzazi ni kunyamaza na kusikiliza pamoja na watoto.

Pili, wafundishwe kuyapima wanayoambiwa. Wale wanaokwenda kusini hupita Kayabwe, mahali ambapo mstari wa ikweta unaikata barabara ya Masaka. Hapo huonyeshwa beseni zenye maji yanayozunguka upande huu kaskazini ya mstari na upande mwingine kusini yake. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia huzigeuza dhoruba kubwa, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno kuyaamuru maji ya beseni hatua chache kutoka mstarini. Yanayoyageuza ni jinsi yalivyomiminwa. Waache watoto wafurahi, kisha warudie jaribio wenyewe nyumbani mara 10. Askari anayefahamu thamani ya habari iliyothibitishwa atapenda mwanawe awe na desturi hiyo mapema.

Tatu, gharama. Mshahara wa askari una mipaka yake, na basi halimsubiri mtu. Hakuna ulazima wa kuona kila mahali kwa mara moja. Mahali pamoja kwa kila likizo pangetosha, na penginepo patazamwe kwa dirisha. Na baba akiwa operesheni nje ya nchi, kama wengi walivyokuwa Somalia tangu mwaka 2007, mama anaweza kuliongoza somo hili sawasawa naye, na watoto wakamwandikia baba yale waliyoyaona.

Miaka ya ujana ni michache. Kijana wa miaka 14 leo, baada ya likizo nne au tano, atakuwa mtu mzima na atakwenda njia yake. Siku hiyo ataichukua nchi pamoja naye ikiwa wazazi wake walimwonyesha. Kama sivyo, atachukua cheti tu. Ndugu askari na ndugu polisi, uwe koplo au kanali, utakapotiwa saini karatasi yako ya likizo, nunua daftari la kurasa chache, ulitie katika mizigo pamoja na sukari ya wazee.