Mana ya Kila Asubuhi

Kule jangwani Waisraeli waliokota mana kila asubuhi. Iliyobakizwa hadi kesho yake, isipokuwa ya Sabato, iliingia mabuu na kunuka (Kutoka 16). Hata sala ya Jumapili haitutoshi wiki nzima. Vikao, ripoti na miradi hujaza siku zetu, nasi tusipojihadhari tutawahudumia maskini kwa moyo mkavu.

Danieli, pamoja na majukumu yake makubwa serikalini, aliomba mara 3 kwa siku (Danieli 6:10). Sisi tuanze na kidogo: dakika 10, saa ile ile, mahali pale pale. Tusome mistari michache ya Injili, tunyamaze, kisha tumwombee jirani mmoja kwa jina. Tukikosa siku moja, tusikate tamaa. Kesho tuamke tukaokote tena.