André Yav na historia ya Elisabethville iliyotoka jikoni

Mwaka wa 1965, mwaka mmoja kabla mji wetu kuitwa Lubumbashi, watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu walitoa kijitabu cha kurasa zaidi ya 30, kilichopigwa kwa mashine na kuzidishwa nakala. Kilikuwa na jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani yake ni Kiswahili, tena Kiswahili cha hapa hapa. Aliyekitunga kwa niaba ya wenzake ni André Yav. Katika makala hii nataka kueleza kazi yake ni ya namna gani, na kwa nini sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kumhesabu kati ya wanahistoria wa Katanga.

Jina Yav ni la Waruund. Ndilo tunalolisikia katika cheo cha Mwant Yav. Hata hivyo Yav hakuandika Kiruund. Sababu iko katika historia ya mji wenyewe. Elisabethville ilianza mwaka wa 1910, reli ilipofika kutoka Rhodesia. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, na baadaye Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Miaka ya mwanzo Kibemba kilisikika sana, pamoja na lugha ya migodi iliyotoka kusini. Polepole Kiswahili kikashika nafasi kazini, kisha sokoni, kisha nyumbani. Mwaka wa 1965 mtu aliyetaka kusema na mji mzima, na si kabila lake peke yake, alikuwa na lugha hiyo mkononi. Yav alichagua wasomaji wake alipochagua lugha.

Neno la kwanza linalohitaji maelezo ni lile «vocabulaire». Anayekifungua kijitabu akitafuta kamusi hataipata. Anakuta masimulizi yanayopita toka siku za Leopold wa Pili hadi uhuru: kuingia kwa wazungu, kuanza kwa mji, kazi, mishahara, vita, na maisha ya maboi katika nyumba za mabwana. Lakini jina halikuwekwa bure. Waafrika waliwapa wazungu majina yao wenyewe, na majina hayo yamo kwa wingi. Jina la namna hiyo ni hukumu fupi: linataja tabia ya mtu, mwendo wake au ukali wake, na mwenye jina mara nyingi halijui. Kwa hiyo naliona neno «vocabulaire» kama «maneno ya mji», yaani yale ambayo mji ulisema juu ya waliokuwa wakiutawala.

Je, mtumishi wa nyumbani anajua nini cha kuandika historia? Anajua mambo ambayo hayapatikani katika ripoti za utawala. Mchimba madini alimwona mzungu kazini. Boi alimwona mezani, kitandani mwa ugonjwa, na siku ya ugomvi na mkewe. Alipika, alifua, alilea watoto, akasikia yaliyosemwa mbele yake kana kwamba hayupo. Ndiyo maana historia ya Yav ina upande ambao hati za kampuni hazina.

Tarehe zake nyingine hazilingani na zile za vitabu. Pia anasimulia habari za batumbula, watu walioaminika kukamata Waafrika usiku kwa ajili ya wazungu. Msomaji wa haraka atasema: hizi ni hadithi. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000 juu ya uvumi wa namna hiyo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, alionyesha kwamba mwanahistoria hapaswi kuutupa. Uvumi hautuambii ni nani alikamatwa usiku fulani. Unatuambia watu waliielewa vipi kazi iliyokula miili yao. Hilo nalo ni jambo la kihistoria.

Kijitabu kilijulikana mbali mwaka wa 1990, Johannes Fabian alipokichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango. Walter Schicho aliandika sehemu ya isimu. Kwetu, njia waliyoitumia ni somo kubwa. Maandishi ya Yav hayafuati tahajia moja: neno moja linaweza kukatwa mara mbili, au mawili kuunganishwa, na alama za kituo ni chache. Ukisoma kwa macho tu, unapotea. Kalundi Mango alisoma kwa sauti, na sauti ikaonyesha sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi. Maana yake, Yav aliandika kwa ajili ya sikio. Tahajia yake haina utaratibu wa shule, lakini usemi wake una utaratibu wa lugha.

Utaratibu huo tunaujua, kwa sababu ndio tunaousema tukitoka darasani. Tunasema «bantu» na si «watu», «mu nyumba» na si «nyumbani», «iko na kazi» na si «ana kazi», «katoto» na «tutoto» tukitaka udogo. Kila kimoja kina kanuni yake, na nyingi zinakutana na lugha za Kibantu za jirani. Mara nyingi nimesikia usemi huu ukiitwa Kiswahili kibovu. Kama ni kibovu, basi historia ya kwanza ya mji wetu iliyoandikwa na watumishi wenyewe imeandikwa kwa ubovu, na hapo neno hilo halielezi kitu tena.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyemchorea Fabian historia ya nchi katika picha zaidi ya 100 miaka ya 1973 na 1974, alieleza picha zake kwa Kiswahili hiki hiki. Lakini alipoandika historia ya Zaire kwa kalamu, aliandika Kifaransa. Yav alibaki na Kiswahili hata katika maandishi. Hapo ndipo naona uzito wa uamuzi wake.

Napendekeza jambo moja kwa wenzangu wanaotafuta mada ya TFC. Chukueni ukurasa mmoja wa Yav, someni wawili wawili kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akiandika anachosikia, kisha linganisheni mnakata maneno wapi. Halafu mpelekeeni mzee wa Kenya au wa Katuba ausikie. Waliofanya kazi katika nyumba zile wamebaki wachache, na maneno mengine ya ukurasa huo ni wao tu wanaoweza kutueleza.