KUTIBU SI KUPONYA



Miongoni mwa maneno yatajwayo sana majumbani mwetu, hasa mgonjwa anaporudi kutoka kwa daktari, ni kitenzi kutibu. Sote tunakijua, wala hatudhani kwamba chahitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, katika familia zetu huku Uingereza tumeona si mara moja kwamba kitenzi hiki kikifahamika visivyo, humfanya mtu aziache dawa kabla ya wakati wake. Hapo kosa la lugha hugeuka kuwa kosa la afya.

Kutibu ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa tiba, tabibu na matibabu. Kwa kuwa asili yake si ya Kibantu, haliishii kwa -a. Twasema anamtibu, ametibiwa, anajitibu, kama vile jibu lilivyotupa jibiwa, na jaribu likatupa jaribiwa. Watoto wetu waliozaliwa ugenini mara nyingine husema "daktari amenitibua". Tusiwacheke, bali tuwaeleze kwamba kutibua ni kuvuruga, kama maji yaliyotulia yanavyokorogwa hadi tope likapanda juu.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Kutibu ni kumhudumia mgonjwa kwa dawa, upasuaji au njia nyinginezo ili apate nafuu. Kuponya ni kumwondolea maradhi yakamtoka. La kwanza ni kazi, la pili ni matokeo ya kazi hiyo. Mwenye kutaka kuhakikisha na azipime sentensi mbili. Tukisema, "Daktari alimtibu lakini hakupona," kila msikilizaji atatuelewa. Tukisema, "Daktari alimponya lakini hakupona," tutaonekana tumepotewa na akili. Lugha yetu yenyewe imekwisha kuyatenga mambo haya mawili. Na Kurani Tukufu, katika Sura Ash-Shuaraa, yamtaja Nabii Ibrahim (a.s.) akiinasibisha shifaa na Mola wake. Daktari hutibu, na mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu.

Tuchukue mfano wa maradhi ya sukari. Mwaka 1922, huko Toronto nchini Canada, insulini ilitumika kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa wa sukari. Tangu hapo mamilioni ya watu wameishi kwa dawa hiyo, ambao kabla yake wengi wao wasingeishi. Lakini insulini haimwondolei mtu sukari. Humtibu siku baada ya siku. Vivyo hivyo shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Mzee akipimwa akaambiwa kwamba presha yake imeshuka, haimaanishi kwamba amepona. Imeshuka kwa sababu anameza vidonge. Akiviacha, aghalabu hupanda tena, nayo hupanda kimya kimya bila ya kumuumiza, hata siku moja akaanguka kwa kiharusi.

Kifua kikuu ni mfano wa namna nyingine, kwani hicho hutibiwa na kupona. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo kwa dawa nne, kisha miezi 4 kwa dawa mbili. Baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua na hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa hujiona mzima. Kupata nafuu huko siko kupona. Akiacha dawa hapo, vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu, na yeye akawaambukiza watu wa nyumbani mwake maradhi yasiyosikia dawa za kawaida. Na ifahamike kwamba matibabu ya kifua kikuu hapa Uingereza hayatozwi malipo, awe mtu ana karatasi za ukaazi au hana.

Liko pia neno kuganga, ambalo ndilo la Kibantu. Methali zetu zingali nalo: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa watu wa pwani siku hizi, mganga aghalabu ni yule wa mitishamba na makombe, ijapokuwa Tanzania ingali na cheo cha Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari hasa. Ndugu zetu wa Kongo wao humwita daktari wa hospitali munganga. Basi jirani kutoka Bukavu akisema kwamba ampeleka mtoto kwa munganga, tusimdhanie kwamba amekwenda kupiga ramli.

Twawanasihi wasomaji wetu mambo matatu. Kwanza, daktari akisema kwamba ugonjwa unatibika, aulizwe: je, utapona ukaisha, au utatulizwa tu? Pili, aulizwe dawa ni za muda gani, na ni nani wa kutoa ruhusa ya kuziacha. Mwenye sukari anayenuia kufunga Ramadhani na aulize mapema, kabla mwezi haujaandama. Tatu, tusiwafanye watoto wetu kuwa wakalimani wa maradhi yetu. Mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba tofauti ya maneno haya, wala si haki kumbebesha siri za mwili wa mzazi wake. Hospitali na zahanati za serikali hapa hutoa mkalimani bila malipo. Aombwe siku ile ile ya kuweka miadi, na itajwe wazi kwamba anatakiwa wa Kiswahili.

Twamwomba Mola awape shifaa wagonjwa wetu wote, waliopo huku na walioko nyumbani. Amin.