Fahamu: Jinsi michezo ya video inavyosaidia wenye ataksia

Ataksia ni nini?
Ni hali ya mwili kukosa uratibu: mtu huyumba akitembea, chai humwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ataksia nyingi za kurithi huharibu serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, na huzidi mwaka hadi mwaka.

Mchezo unasaidiaje?
Kamera ya Kinect, iliyoundwa na Microsoft kwa michezo ya video, hufuatilia mwili mzima bila rimoti. Anayecheza tenisi ya mezani hunyoosha mkono, huhamisha uzito na kujiweka sawa upesi asianguke. Mwaka 2012, watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya watoto na vijana 10 waliofanya mazoezi kwa michezo hiyo kwa wiki 8, nyingi wakiwa nyumbani. Mwendo wao ulitengemaa zaidi. Kundi ni dogo, na ugonjwa wenyewe haukupona.

Na aliye Ngaremara, Isiolo, Kenya?
Microsoft iliacha kuunda Kinect ya michezo mwaka 2017. Kanuni ya mazoezi haya, bahati nzuri, haihitaji umeme: kudaka mpira, kukanyaga alama zilizochorwa mchangani, msaidizi akiwa karibu. Ila uchunguzi hospitalini Isiolo utangulie. Kuyumba kulikoanza ghafla ni dharura. Huenda ni kiharusi.